Nani Alibonyeza Ghairi?

Chumba cha mbele cha nyumba yetu, Ngamiani, Tanga, ndicho kinachotulisha. Humo mna kompyuta moja ya mezani, mashine ya lamineshini na kisu cha kukatia karatasi, na nje kibarazani kuna benchi la wateja. Walimu wa tuisheni huleta mitihani ichapwe, wenye shughuli huleta kadi za harusi, lakini fedha hasa iko kwenye vyeti. Ukiingia msimu wa maombi ya kazi au wa mikopo ya vyuo, vijana huja na bahasha wameikumbatia kifuani: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita. Wanataka viskaniwe, viwe PDF, vipandishwe kwenye Ajira Portal au kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo kabla muda haujaisha. Kijana wa namna hiyo huwezi kumwambia arudi kesho.

Kwa hiyo mume wangu, Baba Rehema, aliposhusha kutoka kwenye bajaji printa mpya, inayochapa, kutoa kopi na kuskani kwa Wi-Fi, ilikuwa furaha ya nyumba nzima. Mama mkwe wangu, karani mstaafu wa shamba la mkonge, alikuwa kwetu akitibiwa goti. Tulimsogezea kiti karibu na meza naye aone. Salim wetu wa kidato cha pili akakamata kipanya, mimi nikasimama nyuma yake.

Swali la kwanza lilipokuja, kioo kizima kilififia na kijisanduku kikatokea katikati: je, tunaruhusu programu hii ifanye mabadiliko kwenye kompyuta? Ukanda wa juu ulikuwa wa buluu na jina la mtengenezaji wa printa limeandikwa. Programu tuliyoiita wenyewe, kutoka kwa mtu tunayemjua, wakati ule ule tuliokuwa tukiitarajia. Nikamwambia Salim akubali. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa taratibu. Mteja akaita kibarazani, nikatoka; Salim nikamtuma rimu ya karatasi. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha, printa ikatoa ukurasa wa kwanza wenye rangi zilizokolea, tukapongezana.

Kesho yake akaja binti mmoja na vyeti vyake. Niliweka cha kwanza juu ya kioo cha printa, nikabonyeza kitufe cha kuskani palepale kwenye mashine, nikachagua jina la kompyuta yetu. Printa ikafikiri, halafu ikaandika kwamba kompyuta haipatikani. Nikarudia, jibu likawa lile lile. Nikachapa ukurasa wa majaribio, ukatoka vizuri. Inachapa lakini haiskani! Yule binti alikaa mpaka jua likaanza kwenda chini, akakusanya vyeti vyake kwa adabu, akasema, “Mama, usijali, nitajaribu kule stendi.” Hakulaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Usiku ule nyumba ilikaa kikao. Mtuhumiwa wa kwanza akawa Salim, kwa sababu kitu kikiharibika kwenye kompyuta mtoto wa kiume ndiye huitwa kwanza. Aliapa hakugusa kitu. Baba Rehema alizima printa akaiwasha, akazima kisanduku cha Wi-Fi akakiwasha, akapiga simu dukani tuliponunua. Dukani wakasema mashine ni nzima, tatizo ni mtandao wetu. Akaangalia video moja, akaingia kwenye orodha ya faiawoli, ule ukuta wa ulinzi ulio ndani ya kompyuta, akaiongeza programu ya printa kati ya zilizoruhusiwa. Hakuna kilichobadilika. “Mama Rehema,” akaniambia, “mimi nimeshatoa ruhusa. Sasa nani anayezuia?” Swali lake lilikuwa zuri kuliko yeye mwenyewe alivyojua.

Ijumaa baada ya sala akaja shemeji yangu Athumani, mdogo wake Baba Rehema, mtu wa simu na kompyuta, mwepesi wa kusaidia. Nampenda shemeji huyu na sitaki msomaji amfikirie vibaya. Hajawahi kuombwa jambo akakataa. Aliketi, akatazama, akacheka. “Shemeji, tatizo ni hii faiawoli. Hivi ni vitu vya maofisini. Nyumbani inakusumbua tu.” Akaizima yote, na tahadhari zilizokuwa zikijitokeza pembeni kulalamika akazinyamazisha pia. Printa ikaskani mara moja. Watoto wakapiga makofi, pilau ikapakuliwa, na shemeji akaondoka na dua za mama yake.

Maneno ya shemeji ni maneno ya watu wengi, na si ya kweli. Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kilienea kwenye kompyuta za Windows bila mwenye kompyuta kufungua barua wala kubonyeza chochote. Ilitosha kompyuta iwe imeunganishwa na mtandao na haijafanyiwa marekebisho ya usalama. Windows XP ilikuwa na faiawoli ndani yake, ila ilikuja ikiwa imezimwa. Mwaka uliofuata, Agosti 2004, Microsoft ilitoa toleo lake la maboresho ambamo faiawoli inakuja ikiwa imewashwa, na tangu hapo ndiyo kawaida. Tarehe 12 Mei 2017 kikaja WannaCry, kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu siku ile. Kirusi hicho kilipita mlango namba 445, unaotumika kushirikishana mafaili kati ya kompyuta na kompyuta, na rekebisho lake lilikuwa limetolewa tangu Machi. Walioumia si maofisi makubwa peke yake.

Shemeji alikuwa na hoja nyingine, kwamba kisanduku cha Wi-Fi chenyewe kinazuia wanaotoka nje. Ni kweli, kinazuia wa nje. Lakini nywila ya Wi-Fi yetu alikuwa nayo jirani wa kulia, jirani wa kushoto, muuza chipsi wa kona, na kila mteja aliyewahi kuomba “nitumie mara moja tu, dada”. Laputopu yoyote yenye kirusi ikikaa kibarazani kwetu iko ndani ya mtandao wetu tayari, na kati yake na kompyuta inayotulisha hapakuwa na kitu.

Lakini balaa halikuingilia huko. Salim alikuwa amemwona baba yake mdogo akizima ulinzi, na baada ya ulinzi kuzimwa mambo yakanyooka na pilau ikaliwa. Mtoto hujifunza kwa anachokiona. Mwenzake wa shule akampa mchezo wa mpira kwenye flashi, ule wa kulipia uliovunjwa kufuli, pamoja na faili la maelekezo. Mstari wa kwanza wa maelekezo uliagiza azime kinga ya virusi. Wa pili, kijisanduku kikitokea akubali. Kijisanduku kilitokea kweli, safari hii na ukanda wa manjano, maana yake mtengenezaji hajulikani. Salim akakubali. Mchezo ukacheza.

Baada ya muda akaja mwalimu mmoja wa tuisheni, uso umekunjamana, flashi mkononi. Mitihani yake yote imegeuka njia za mkato, kila faili lina kishale kidogo pembeni, na akilifungua halifunguki. Akaja na mwenye kadi za harusi, kisa hicho hicho. Kila flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta yetu ilitoka na ugonjwa. Wenye steshenari wenzangu wanajua uchungu wa jambo hili: mteja akikosa huduma leo atarudi kesho, lakini aliyeondoka kwako na kirusi atawaambia na wengine wasije. Nilifunga mlango wa mbele katikati ya msimu wa vyeti.

Hapo ndipo alipofika Zuhura, binti wa dada yangu, mwanafunzi wa kompyuta chuo cha VETA, aliyekuja kwa likizo. Aliingia akamwamkia bibi, akavua mtandio, akakaa kwenye kompyuta kabla hata ya chai. Kwanza aliitenga na mtandao. Akaipima kwa kinga inayofanya kazi kabla Windows yenyewe haijaamka, maana kirusi kikishakaa kwenye mfumo hujificha mfumo ukiwa macho. Akauondoa mchezo na kilichoingia nao. Mitihani ya mwalimu ilikuwepo, imefichwa tu, akaifichua yote. Nywila ya barua pepe ya biashara akanitaka niibadilishe kwa simu yangu, si kwa kompyuta ile. Halafu akawasha faiawoli.

Printa ikaacha kuskani.

Nyumba ikanung'unika. Baba Rehema akasema tumerudi tulipotoka, na Salim, aliyekuwa ameinama kwa aibu tangu asubuhi, akainua kichwa kidogo. Zuhura hakubishana na mtu. Aliuliza jambo moja: “Mama mdogo, siku mlipoweka printa, swali la pili alilijibu nani?”

Swali la pili? Hatukuliona swali la pili. Mimi nilikuwa kibarazani, Salim alikuwa dukani. Tukatazamana.

“Mie,” akasema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake, tasbihi mkononi. “Palitokea maandishi. Yanasema kuna programu inataka kuwasiliana kwenye mtandao, tuiruhusu au tughairi. Wenyewe hamkuwepo. Miaka yangu yote ya ukarani sijatia saini karatasi ya mtu asiyekuwepo. Nikabonyeza Ghairi, yakaondoka.”

Salim akacheka kwa nguvu kwa kuwa mkosaji amepatikana, Baba Rehema akamtupia jicho, akanyamaza. Zuhura akaenda akambusu bibi mkono. “Bibi, ulifanya sawa,” akamwambia, kisha akatugeukia sisi.

Alituonyesha orodha ya ndani zaidi, ambayo Baba Rehema hakuifikia. Humo mlikuwa na mistari miwili yenye jina la programu ya printa, na mbele ya kila mmoja alama nyekundu ya kukataza. Bibi alipobonyeza Ghairi, Windows haikuchukua jibu lile kuwa “si sasa”. Iliandika katazo la kudumu, na kwa kuwa jibu limeshaandikwa haikuuliza tena. Baba Rehema alipoongeza ruhusa, ruhusa ile ilikaa pamoja na katazo, na kwenye faiawoli hii katazo na ruhusa vikigongana, katazo ndilo linaloshinda. Ndiyo maana alitoa ruhusa na bado akazuiwa.

Na kwa nini kuchapa kuliendelea? Faiawoli ya Windows kwa kawaida yake huacha yatokayo yapite na kuzuia yaingiayo bila kuitwa. Unapochapa, kompyuta ndiyo inayoanza mazungumzo na printa, hivyo hakuna pingamizi. Unapobonyeza kitufe cha kuskani kwenye printa, printa ndiyo inayobisha hodi, na kwetu ilikuwa imeshaandikiwa kwamba isifunguliwe. Bibi aliposikia neno hodi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwao Pangani mgeni hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa huondoka, na mwenye nyumba halaumiwi kwa kutokumfungulia asiyemjua. “Lakini huyu printa ni wetu,” akasema. “Basi mngenitambulisha.”

Zuhura alifuta makatazo mawili, akafungua programu upya, na swali likatokea tena, mara hii sote tukiwa mezani. Lina sehemu mbili za kutia tiki: mitandao binafsi, kama wa nyumbani, na mitandao ya umma, kama wa hotelini au uwanja wa ndege. Akatia tiki kwenye ule wa binafsi tu. Tukabonyeza kitufe cha kuskani. Kimya. Baba Rehema akaenda zake msikitini.

Kumbe Windows ilikuwa inauhesabu mtandao wetu wa nyumbani kuwa wa umma, kwa hiyo ruhusa ya mtandao binafsi haikuugusa. Ni mpangilio wa kubadilisha kwa mibonyezo michache, lakini Zuhura alikataa kuubadilisha hapo hapo. “Mama mdogo, mtandao ambao nywila yake anayo muuza chipsi ni wa umma kweli. Kompyuta haijakosea.” Nilikaa na maneno hayo. Halafu tulifanya kazi ambayo tungepaswa kuianza: tukabadilisha nywila ya Wi-Fi ya nyumba, tukawafungulia wageni mtandao wao wa pembeni, maana kisanduku chetu kina nafasi hiyo. Wa wageni unaleta intaneti lakini hauifikii kompyuta wala printa. Ndipo mtandao wa nyumba ukaandikwa kuwa binafsi, na printa ikaskani huku ukuta umesimama.

Majirani walinung'unika kwa muda. “Mama Rehema siku hizi umetufungia.” Niliwapelekea nywila ya wageni mlango kwa mlango, yakaisha. Na baba yake Rehema aliporudi alikuta vyeti vya kijana wa kwanza vimeshapandishwa.

Tangu hapo nimefikiri sana juu ya yale maswali ya kompyuta, na msimamo wangu ni huu. Programu ikiuliza kila saa, mkono hujibu kabla macho hayajasoma. Windows Vista, iliyotoka Januari 2007, ilijulikana kwa jambo hilo: iliomba idhini kwa mambo madogo mpaka watu wakatafuta namna ya kuizima isiulize kabisa, na toleo lililofuata, la 2009, likapunguza maswali. Kwa hiyo wanaosema tuvumilie maswali yote kwa jina la usalama hawajaishi kwenye nyumba yenye watoto na wateja wanaosubiri. Lakini tiba ya shemeji, ya kumfukuza mlinzi kwa sababu anauliza, ilitugharimu zaidi kuliko kero yenyewe. La bibi lilitukosesha kuskani, likarekebishwa alasiri moja. La Salim lilitukosesha wateja, na wengine mpaka leo hawajarudi. Katika nyumba ambayo hakuna mtu mezani anayeelewa swali, bora hapana.

Lawama nyingine naiweka kwa wanaotengeneza. Swali linalotokea mbele ya mama mzee likataja “mawasiliano kwenye mitandao” bila kusema ni printa iliyoletwa leo, na likageuza Ghairi kuwa katazo la milele bila kumwambia mtu, swali hilo halijatungwa kwa heshima ya anayeulizwa. Lingeweza kuandikwa kwamba ukikataa, kuskani hakutafanya kazi, na kubadilisha utabadilishia mahali fulani. Bibi angeniita.

Kwetu sasa maswali ni machache kwa sababu wenye ruhusa ya kuyajibu ni wachache. Salim ana akaunti yake ya kawaida, anacheza na kusoma humo, na akitaka kuweka programu kompyuta inadai nywila ambayo ninayo mimi na baba yake. Hajazuiwa: anakuja, tunasoma pamoja jina la mtengenezaji, tunaangalia ukanda ni wa buluu au wa manjano, tunaulizana kama tuliiita programu hii au imejileta. Iliyojileta haiingii. Flashi ya mteja inapimwa kabla ya kufunguliwa, mbele ya mteja mwenyewe, naye anapenda kuona hivyo. Shemeji Athumani nilimweleza yote kwa upole, akaenda akawasha faiawoli za nyumba zote alizowahi kuzizima, na hilo nalihesabu kuwa jambo la kiungwana.

Wewe mwenye kompyuta inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, leo usiku ifungue orodha ya faiawoli uone nani ameruhusiwa na nani amekatazwa. Usiyemjua mwondoe. Aliyekatazwa naye ni wako, mfutie katazo, umruhusu kwenye mtandao wa nyumbani peke yake. Watoto wape akaunti zao. Na programu yoyote inayokutaka uzime ulinzi kwanza ndipo iingie, iache huko huko ilikotoka.